Kiti cha Kukwepa Foleni

Mtanzania wa Edmonton, kaskazini mwa London, akitaka kuwapeleka watoto kwenye ile bustani kubwa ya michezo nje ya jiji, yenye vitreni vinavyowageuza watu kichwa chini miguu juu, hakuhangaika na kompyuta. Alimpigia simu Philemon Swai. Philemon alikuwa mhudumu katika nyumba ya wazee, mtu wa zamu ndefu na viatu vya raba, na katika miaka yake kumi na minane ya Uingereza hakuwahi kuitwa bingwa wa kitu chochote ila hicho. Basi ubingwa wake akaushika kwa mikono miwili.

"Sikiliza ndugu yangu," angesema, sauti imeshapata uzito wa mwenyekiti wa kikao cha harusi. "Saa tatu na nusu uwe getini. Wakifungua saa nne, wenzako wote watavamia mchezo wa kwanza wanaouona. Wewe wapite. Nenda mwisho kabisa, anzia huko, rudi taratibu. Watoto wapime urefu nyumbani, usije ukapanga foleni saa nzima halafu mtoto anarudishwa analia. Chips za mle ndani usiziguse, bei zake ni wizi. Pika pilau, tia kwenye hotpot. Na koti la mvua, hata kama jua linachoma. Hii ni Uingereza."

Hayo yalikuwa mashauri mazuri, na wengi walimshukuru. Lakini lilikuwapo moja la mwisho ambalo hakumpa kila mtu, na akilitoa alishusha sauti kana kwamba polisi wamekaa sebuleni kwake.

"Sasa foleni. Una mzee yeyote hapo nyumbani? Mgeni, mama mkwe, yeyote? Pitia kwangu uchukue wheelchair. Mkalishe. Mnaingilia mlango wa kutokea, family nzima, hakuna kusubiri. Hawaulizi karatasi wale."

Kiti chenyewe kilikuwa na habari yake, na hapa ndipo mimi ninapoanza kumwonea haya. Kilikuwa cha mzee mmoja aliyefariki pale kazini kwa Philemon. Watoto wa marehemu walimpa kwa sababu aliwaambia, na siku ile alisema kweli, kwamba zahanati ya kijijini kwao Machame wagonjwa hufika wamebebwa mgongoni, na kwamba atakipeleka huko. Wakamshika mkono, mmoja wao akatoa machozi. Miaka mitatu ikapita. Kiti hakikufika hata stesheni ya Edmonton Green. Kilikaa koridoni nyuma ya mlango, kila kiangazi kikaazimwa nyumba hadi nyumba, kikarudi na punje za wali kwenye mto wake.

Mwaka 2011 mama yake akaja kumtembelea. Bibi Elieshi alikuwa na miaka sabini na mbili, mzee wa kanisa la Kilutheri, mwanamke wa kupanda mlima na mkungu wa ndizi kichwani bila kuushika. Hakuwa na ugonjwa hata wa kusingizia. Asubuhi ya safari, Philemon alipomkunjulia kile kiti, mama alikizunguka mara mbili kama anayekagua mbuzi mnadani.

"Cha nani hiki?"

"Chako, mama. Kaa."

"Kwani naumwa?"

"Huumwi. Ni heshima ya huku. Mzee hachoshwi kwa kutembea, anasukumwa. Ndiyo desturi yao."

Alijua mama yake asingekubali kushiriki ujanja, ndiyo maana akamwambia hivyo. Bibi Elieshi akatengeneza kanga yake, akaketi wima. "Kumbe hawa watu wana adabu," akasema, "nasi huko tunawasengenya." Jane, binti ya Philemon, mwenye miaka kumi na mitatu na aliyezaliwa hapo hapo London, alimtazama baba yake, kisha akainamia viatu vyake. Kiswahili alikisikia vizuri ila alijibu kwa Kiingereza.

Ikawa kama bingwa alivyotabiri. Kufika saa saba walikuwa wamemaliza michezo sita. Ile ya polepole Bibi Elieshi aliipanda; ile ya kupindua matumbo alibaki kitini amepakata mikoba, na wafanyakazi wakawapitisha wengine vivyo hivyo. Kila aliyewapisha, Bibi Elieshi alimwambia, "Asante, mwanangu, Mungu akubariki." Alifurahi kweli.

"Ningejua," akamwambia Philemon, "ningekuja na baba yako angali hai. Naye angesukumwa."

Philemon akasema, "Ndiyo, mama," akaendelea kusukuma.

Walipofika kwenye mchezo wa mitumbwi, foleni ya watu wote ilipita kandokando ya njia yao, ukuta wa chuma katikati, mfupi kama wa zizi. Humo alisimama bibi mmoja wa Kiingereza, mzee kweli, mgongo umepinda, fimbo mkononi, vifundo vya miguu vimevimba hadi vinafunika viatu.

"Yule mama mbona amesimama?" akauliza Bibi Elieshi.

"Labda hataki kukaa."

"Hataki nini na miguu ile? Hawajamletea kiti chake. Ana watoto kweli huyu?"

Philemon alichelewa kudaka mkono wa kiti. Mama yake alishasimama, amejifunga kanga kiunoni, anakisukuma mwenyewe kwa mwendo wa mtu anayewahi soko. Akapita penye uwazi wa chuma, akafika mbele ya yule bibi, akakunja magoti kidogo kama inavyompasa mdogo kwa mkubwa.

"Shikamoo, mama. Kaa. Mimi nimeshakaa vya kutosha."

Akapigapiga mto wa kiti. Yule bibi hakuelewa neno, lakini alielewa mkono, akaketi, akafumba macho kwa nafuu. Foleni nzima ikawatazama. Mtoto mmoja akasema kwa sauti, "Mum, that lady can walk!" Na nyuma ya Philemon, kwenye njia yao ile ya upendeleo, alikuwapo baba mmoja na binti aliyefungwa mikanda kwenye kiti chake, waliokuwa wakisubiri zamu baada yao. Yule baba aligeuza uso tu, na Philemon akaona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe. Yeye ambaye kazi yake ni kuwavisha soksi wasioweza kuinama.

Mfanyakazi wa pale, msichana mpole, akamsogelea na kumwomba akapange foleni kama wengine.

"Anasema nini?" akauliza Bibi Elieshi.

Aliyejibu ni Jane, na alijibu kwa Kiswahili, kwa shida, neno moja moja.

"Bibi, si heshima. Baba alidanganya. Kiti ni ya watu wagonjwa. Sisi tunaruka foleni."

Bibi Elieshi hakufoka. Afadhali angefoka. Alimtazama mwanawe, akasema polepole, "Nimewashukuru watu tangu asubuhi, Philemon. Nimewaombea baraka." Kisha akaenda mwisho wa foleni, akasimama na mkoba wake kifuani. Walisimama saa moja na robo; yule bibi wa fimbo, zamu yake ilipofika, akawarudishia kiti. Watu wawili walijaribu kumpisha, akakataa kwa kichwa. Philemon alikuwa nyuma yake, na muda wote aliutazama mgongo wa mama yake, ambao haukugeuka.

Nyumbani alimweleza yote bila kuulizwa: marehemu, watoto wake, ahadi, miaka mitatu ya koridoni. Mama akasikiliza mpaka mwisho. "Nitaondoka nacho," akasema. Kwenye uwanja wa ndege mhudumu akamwomba akikalie, asukumwe mpaka mlangoni pa ndege. Akakataa. Alikisukuma mwenyewe, kitupu, mpaka wakapotea wote wawili nyuma ya vioo.

Wiki mbili baadaye akapiga simu.

"Kiti kimefika zahanati. Jumapili Mchungaji akanisimamisha mbele, niwaambie watu kimetokaje."

"Ukasemaje, mama?"

"Nilitaka kusema kweli. Nikawaona shangazi zako wamekaa mstari wa mbele, wamevaa vitenge vipya, wanasubiri sifa zako. Nikasema mwanangu amekinunua kwa jasho lake. Miaka thelathini na mmoja ya uzee wa kanisa, Philemon, sijawahi kudanganya pale mbele. Sasa nimedanganya."

Philemon alikuwa amesimama koridoni, mahali kiti kilipokuwa kikikaa. Akasema, "Mama, nisamehe."

"Wamekupigia makofi," akasema mama yake. "Marefu. Nami nikasimama nikayapokea."