Birika la Uani kwa Bibi

Harufu ya mrehani uliomwagiwa maji hunirudisha Tabora, kwenye ua wa nyumba ya bibi yangu. Katikati palikuwa na birika la mawe, maji yakichuruzika kutoka mdomo wa shaba, na mikomamanga pande zote.

Asubuhi moja mdogo wangu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea, alitumbukia humo. Mimi ndiye niliyeacha mlango wa ua wazi. Shangazi alimwopoa, akamwinamisha mpaka akatapika maji na kulia.

Bibi alitoka chumbani. “Nani kaacha mlango wazi?”

Shangazi alinitazama, kanga ikimganda mwilini kwa maji.

“Ni mimi, mama. Nisamehe.”

“Mtoto angekufa. Rudi kwa mumeo, hapa hukai tena.”

Sote tulijua kilichomfanya akimbie kutoka kwa mumewe. Mkono wake ulikuwa bado umefungwa bendeji. Alasiri alibeba furushi lake, akaja kuniaga barazani. Nilitaka kusema ukweli, lakini neno pekee lililonitoka lilikuwa shikamoo.

“Marahaba, mwanangu,” akaitikia kwa upole, kama siku zote, akaondoka.