Majina Yaliyogandisha Mashine

Ofisini walimwita Wastani, na si kwa ubaya. Ukimuuliza hali, alikujibu, "Kwa wastani, nzuri." Alikuwa mtakwimu wa idara iliyojua idadi ya kila kitu nchini isipokuwa ya wafanyakazi wake waliofika kazini.

Wiki ile alitaka kitu kimoja tu: ruhusa ya Ijumaa. Bintiye, kifungua mimba wake, alikuwa anahitimu uuguzi katika mji wa mbali, na alishampigia simu. "Baba, mahafali ya shule ya msingi hukuja, ya sekondari hukuja. Hii nikitazama viti nikakukosa, nitajua." Atajua nini, hakusema, na Wastani hakuthubutu kuuliza.

Barua ya ruhusa ilikuwa mezani kwa Mama Mkurugenzi, chini ya kikombe cha chai. Ingesainiwa matokeo ya utafiti wa vyoo yakitoka. Swali lenyewe lilikuwa jepesi: ni kaya zipi zina choo bora, na kwa nini? Majibu ya nchi nzima yalikuwa tayari ndani ya kompyuta. Kilichobaki ni kubonyeza.

Wastani akabonyeza. Kiduara kikaanza kuzunguka. Kikazunguka asubuhi, kikazunguka mchana, kisha kioo kikapauka kama uso wa mgonjwa na maandishi yakatokea: Programu haijibu.

Penye wengi pana mengi. Mhasibu alishauri izimwe iwashwe, dawa ambayo angeipendekeza hata kwa ndoa. Katibu muhtasi alileta feni, ikaelekezwa kwenye mashine. Wastani akabaki kando akitoka jasho. Kila aliyepita alibonyeza kitufe kimoja, kama anayemtekenya aliyezirai. Mwisho akaja fundi wa kompyuta, akafunga programu nyingine zote, ukiwemo mchezo wa karata uliokuwa wazi tangu sensa iliyopita.

"Haijafa hii," alisema fundi. "Inafanya kazi kufa mtu. Umeipa nini, kaka?"

"Vyoo tu."

"Hebu ipe kaya chache kwanza, uone."

Wastani akachota kaya za mtaa mmoja. Hata hizo zikasuasua. Ndipo akarudia kusoma alichokuwa ameiamuru mashine ipime: kipato, elimu, ukubwa wa kaya, jina kamili la mkuu wa kaya. Akaguna.

Si kwamba alikuwa mgeni wa jambo hilo. Utafiti ulipoanza, Mama Mkurugenzi alitangaza kikaoni kwamba safari hii hakuna mwananchi atakayeachwa nyuma, na kikao kikaazimia kila safu ya taarifa iingie kwenye hesabu. Wastani alipiga makofi pamoja na wenzake, akaiingiza na ya majina, akasahau. Sasa mashine, kwa utiifu usiozoeleka katika idara ile, ilikuwa inalichukua kila jina kuwa sababu ya pekee, na kupima kuitwa hivyo kunamsaidia mtu kiasi gani kuwa na choo.

Akaenda kueleza.

"Mama, majina tuyatoe. Hayasemi lolote kuhusu vyoo."

"Bwana Wastani, nikamwambie waziri kwamba majina ya wananchi hayasemi lolote?"

"Kwa wastani, Mama..."

"Yabaki. Na nataka niione mashine ikifanya kazi. Kila nikipita nakuta kioo kimepauka, nawe umekitumbulia macho. Mko wawili, na wote hamjibu."

Wastani alitazama barua yake. Ilikuwa imeshapata muhuri mmoja, wa kitako cha kikombe.

Alikuwa mtu mwaminifu, kwa wastani. Akarudi mezani, akatengeneza nakala, akaifuta safu ya majina, akabonyeza. Chai yake haijapoa, matokeo yakatoka: wenye kipato wana vyoo, wasio nacho hawana. Nchi nzima ilikuwa imegongewa milango ili jambo hilo lijulikane. Kisha akabeba kompyuta ya akiba, yenye majina yote, akaiweka ofisini kwa Mama, mahali ambapo mgeni yeyote angeiona, akaiwashia hesabu.

"Haya ni matokeo ya awali, Mama. Majina yanapimwa hapa, mbele ya macho yako. Hakuna aliyeachwa."

Mama alikitazama kiduara kikizunguka, uso ukamlainika. "Kumbe unaweza. Itamaliza lini?"

"Inategemea wananchi, Mama."

Mama akanyanyua kikombe, akasaini barua.

Ijumaa Wastani alikuwa ukumbini, ubavuni mwa mkewe. Mshereheshaji alisoma majina ya wahitimu mmoja mmoja, kila mtu na majina yake matatu, mengine akiyakosea na kuyarudia. Jirani mmoja alipiga miayo, akasema si wangetaja jumla yao tu, watu wakale. Wastani, ambaye wiki hiyohiyo alikuwa amewafuta wakuu wa kaya wa nchi nzima kwa kidole kimoja, alimgeukia, akamwomba kwa upole anyamaze.

Simu ikatetemeka mfukoni. Akainama, akaipokea.

"Bwana Wastani, nina mgeni hapa na kioo kimepauka. Kinasema haijibu."

"Usibonyeze kitu, Mama," alinong'ona. "Subiri. Bado inasoma majina."

Jina la bintiye likasomwa. Binti alipanda jukwaani, akatazama viti. Baba yake alikuwa amesimama, peke yake katika safu nzima, anapiga makofi kwa nguvu na simu ikiwa kiganjani, Mama Mkurugenzi akiwa bado ndani yake.