Mchezo wa Kumi Barazani kwa Edvina

Edvina alijifunza karata utotoni kwa kaka zake, msimu wa kuanika kahawa, walipokuwa wakilinda mikeka jua lisije likageuka mvua. Alipoolewa kijijini Ijumbi na Byarugaba, aliyekuja kuwa mzee wa kanisa usharikani, aliziacha. Alilea watoto, akapalilia migomba, nywele zikawa nyeupe.

Likizo ya mwaka jana binti yake Nancy, anayeishi Rwamishenye, alimletea wajukuu wawili, Lilian na mdogo wake Mujuni. Nancy akamnong'oneza, "Mama, huyu Mujuni ukimtajia hesabu analia. Shuleni wamechoka naye."

Edvina hakumtajia hesabu. Mvua ilipoanza kuwafungia ndani kila siku, alinunua karata dukani, akatoa zile za picha na za kumi, akatandaza nyingine mkekani.

"Kila karata ina mwenzake," akawaambia. "Wakikutana wanakuwa kumi. Ukiwaona, chukua."

Siku za kwanza Mujuni alihesabu alama kwa kidole, pole pole, na Lilian alilazimika kungoja. Siku moja Mujuni aliposhindwa, alizirusha karata uani kwenye matope. Nne ya kopa ikachanika. Edvina hakumgombeza. Alikata boksi la sabuni, akampa kalamu.

"Hatuwezi kucheza bila nne. Tutengenezee."

Mujuni alichora kopa nne zinazofanana na maharage. Tangu hapo hakurusha karata tena.

Byarugaba ndiye hakufurahi. "Mama Nancy, karata ni za wacheza kamari. Watu wa usharika watasemaje?"

"Waitu, mume wangu, hapa hakuna anayeweka kitu. Kaa usikilize."

Alikaa, lakini akawapa mgongo, akitafuna punje zake za kahawa. Nyuma yake alimsikia Mujuni akisema bila kuhesabu kidole hata kimoja, "Saba anamtafuta tatu. Huyo hapo. Dada, zamu yako, mimi nasubiri."

Mzee akageuka. Akaangalia kwa muda, kisha akavuta kigoda.

"Na sita anamtafuta nani?" akauliza.

"Babu, cheza utaona," Mujuni akamjibu.

Alicheza, akafungwa na mtoto wa miaka sita. Akadai karata hazikuchanganywa vizuri, akazichanganya mwenyewe, akafungwa tena. Edvina alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitenge. Jirani aliyekuja kuomba moto alisimama mlangoni, akaishia kupewa karata naye.

Nancy alipokuja kuwachukua, hakuna aliyemsikia akibisha hodi. Aliwakuta wote barazani, mzee wa kanisa akikuna kichwa, na ndizi zikichemka bila mtu wa kuziangalia.

Mujuni alisogea, akampa nafasi mkekani.

"Mama, kaa hapa nikufundishe," akasema. "Ukishindwa usilie. Utacheza tena."

Nancy aliweka mkoba wake chini, akavua viatu.