Chupa ya Mgeni

Wiki iliyopita nilikuwa mapokezi ya kampuni moja kubwa ya mkonge huku Korogwe, nikimsubiri afisa mazingira wao. Ukutani kuna tangazo: kila mfanyakazi amepewa chupa ya chuma ya kunywea maji, za plastiki ziishie getini. Chini ya tangazo hilo, mama wa mapokezi alikuwa anakunywa maji kwenye chupa ya plastiki, katulia kabisa.

Afisa, kijana wa kumzaa, akatokea, akaiona. Kabla ya kugomba ilibidi asalimie.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Chupa tuliyokupa iko wapi?"

"Ipo nyumbani, kabatini. Nzuri mno ile, natilia wageni maji. Shemeji zangu wa Handeni waliipokea hivi." Akanyoosha mikono miwili kama anayepokea mtoto mchanga.

"Mama, kila ninayemuuliza ananitajia kabati."

"Mngetupa mbaya, tungeshazitumia."

Afisa akanikaribisha ofisini kwake. Joto lilikuwa kali, akaniuliza kama nitakunywa maji. Akafungua droo, akatoa chupa yake mwenyewe ya chuma, ikiwa bado ndani ya nailoni. Akaichana nailoni taratibu, akaisuuza chupa, akaijaza maji na kunikabidhi kwa mikono miwili.

"Karibu," akasema, macho yakiwa dirishani. "Nilikuwa nimeiweka kwa ajili ya mgeni."

Ushauri wangu kwa kampuni: matangazo yaendelee, ila kila asubuhi waalikwe wageni.