Pembe Iliyoshuka Upande wa Kushoto

Naikumbuka siku moja, mwanangu, nimesimama katika ukumbi wa kanisa pale Bariadi, nimevaa gauni la mtumba lililopigwa pasi vizuri, nikiwasomea watu maisha ya mwenzangu ili mimi nipande ndege.

Juzi uliponiletea hotuba yako ya safari nikakurudishia bila kusema neno, ukadhani naona wivu. Huenda upo, siwezi kuapa. Lakini kaa, nikueleze kilichonifunga mdomo.

Miaka ile Bariadi ilikuwa bado Mkoa wa Shinyanga. Ushirika ulikuwa unakufa, wanunuzi binafsi wa pamba wamekuja na mizani yao, na nyuma yao yakaja mashirika yenye magari meupe. Shirika moja lilitafuta msichana mmoja wa kwenda Ulaya wiki tatu, kukaa na vijana wa huko na kuzungumza juu ya haki za wanawake. Fomu ilitaka kisa cha kweli kutoka kijijini kwako.

Cha kwangu kilikuwepo. Baba alipofariki, baba zangu wadogo walimtoa mama shambani hata kabla hatujamaliza matanga, na tukahamia kwenye chumba cha kupanga. Lakini hicho nilikionea aibu. Kisa cha Minza nikakiona kizuri.

Minza alikuwa rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Baba yake alikuwa amepokea ng'ombe kutoka kwa mtu wa Ipililo, mtu mzima mwenye mke mwingine, na harusi ilisubiri pamba ivunwe. Minza aliniambia mimi peke yangu kwamba siku ya gulio atapanda lori la dagaa linaporudi Lamadi, amfuate shangazi yake aliyekuwa akianika samaki huko. Shangazi alishakubali kumsomesha ushonaji. Aliniambia tukiwa tunachuma pamba, na sikumbuki kama aliniapisha. Hakuona sababu ya kuniapisha.

Usinione mjinga kabisa, nilificha jina. Nilimwita Rehema, kijiji nikakiita kingine. Lakini mama mmoja wa shirika, aliyetufundisha kuhutubia sisi tuliojaza fomu, alikuwa akisema tutie mambo ya kuonekana kwa macho, na mimi nilipenda sifa. Basi nikawataja wale ng'ombe wa mahari kama walivyokuwa: fahali mweusi mwenye paji jeupe, na jike mwekundu ambaye pembe yake moja ilishuka mpaka karibu na jicho. Mimi Msukuma, mwanangu, nimezaliwa kwa watu wanaoweza kusahau jina la mkwe lakini si rangi ya ng'ombe, nikaona nimeficha kila kitu kwa sababu nimebadilisha jina la msichana!

Siku ya mazoezi wazazi na wazee walialikwa. Nilisoma vizuri, Mungu anisamehe, nilisoma vizuri sana. Nilifika mpaka kwenye gulio, lori na shangazi wa ziwani. Watu walipiga makofi. Mzee mmoja wa benchi la nyuma akasimama taratibu.

"Mayu," akaniita, kwa heshima kama wazee wetu wanavyomwita binti, "hiyo pembe ilishuka upande gani?"

"Wa kushoto, baba," nikajibu, kichwa kimenivimba kwa kuwa mtu mzima amenisikiliza hivyo.

Akaitikia kwa kichwa, akachukua kofia yake na kutoka. Sikumjua. Alikuwa mshenga, ndiye aliyewaswaga wale ng'ombe kutoka Ipililo.

Minza alichukuliwa na watu wa Ipililo, akapelekwa kwa mume, siku mbili kabla ya gulio. Mama yake alinikuta kisimani, akatua ndoo yake mbele yangu. "Minza anasema alikuambia wewe tu," akasema. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Sasa sikiliza hapa, maana watu nikiwasimulia huwa naparuka. Nilikuwa nimechaguliwa, na bado nilikuwa na nafasi ya kukataa safari. Nilikwenda. Nilikisoma kisa kilekile mbele ya wageni, wakasimama kunishangilia, na mama mmoja akaja akilia kuniuliza Rehema yuko wapi sasa. Nikamwambia yuko kwa shangazi yake, anajifunza ushonaji.

Niliporudi nilikwenda Ipililo. Nilimkuta Minza shambani, mimba imeshaonekana. Akanisalimu kwa Kisukuma, salamu ndefu ya kila kitu mpaka mifugo, kama unavyomsalimu mgeni wa mbali. Akaniletea maji kwa mikono miwili.

"Wamekusikiliza huko?" akauliza.

"Wamenisikiliza."

"Basi vizuri."

Nikaanza kumwomba msamaha. Akanikatiza: "Usiniombe, utaniongezea kazi." Akarudi kwenye pamba yake.

Nililifanyia shirika lile kazi mpaka lilipofunga ofisi. Niliwafundisha wasichana wengi, na nikisema walisaidika nitakuwa natia chumvi. Binti wa kwanza wa Minza aliozwa kabla ya kumaliza darasa la saba, nami wakati huo nilikuwa nakaa nyuma ya meza yenye muhuri wa kutetea wasichana. Nilisikia baada ya harusi. Minza hakuja kwangu. Angekujaje?

Mwanangu, katika hotuba yako yumo msichana unayemwita Neema. Mimi nilimtambua kwenye mstari wa tatu, na mimi sitoki siku hizi kwa sababu ya magoti. Mwendee kabla ya kufunga begi. Msomee yote, kwa Kisukuma, polepole, na palipoandikwa anachoogopa ufute. Akisitasita tu, ichane, usimbembeleze. Kisha andika yako mwenyewe, hata yale unayoyaonea aibu, hayo ndiyo una ruhusa nayo. Wakikuona huna kisa cha kutosha wakamchagua mwingine, kubali ubaki. Na wakikuchukua, usidhani makofi ya huko yatamtoa mtu yeyote nyumbani kwa mtu huku. Mimi niliyasubiri yafanye hivyo mpaka nimezeeka.

Nenda, Mwenyezi Mungu akushike mkono unakokwenda na unakorudi. Akujalie afya, chakula cha ugenini kikukubali, na wenyeji wakupokee vizuri. Na ukisharudi, akujalie msichana mmoja hapa kijijini ambaye bado anaweza kukuambia siri yake.