Salamu ya Magoti Mbele ya Simu

Nilikuwa naanua nguo jirani yangu aliponifuata na simu mkononi. Binti yake ana miaka minne na hasemi zaidi ya maneno mawili, na jioni hiyo jirani alikuwa anawajaribu wataalamu wawili wa usemi mtandaoni ili achague mmoja.

"Dada, nishikie. Mimi nikae na mtoto."

Wa kwanza alipotokea, mtoto alipiga magoti kumsalimu, kama bibi yake Mganda wa Makindye alivyomfundisha. Kwenye kamera ukabaki ukuta.

"Mama, mtoto ameondoka. Hana utulivu."

"Yuko hapa, anakusalimia!" jirani akasema.

"Basi akae kwenye kiti."

Mtoto akakaa, akanuna mpaka mwisho.

Wa pili naye aliona ukuta. "Amepiga magoti? Shusheni simu." Nikaishusha. Akamsalimu kwa Kiganda, akangoja.

"Mmm," mtoto akaitikia.

"Mmm," naye akajibu. Wakaendelea hivyo mara tano, kama wazee wa Kiganda wanaosalimiana njiani.

"Kwani hayo ni maneno?" jirani akaniuliza.

"Angalau wanapokezana," nikamwambia.

Jirani akamchagua huyo. Mnaotafuta mtaalamu, ulizeni vyeti, lakini tazameni pia anavyongoja.

Nikapakua matoke kwangu, sahani saba, mbili zikiwa za jirani na binti yake. Safari hii hakuna aliyekosekana.