Majani Machungu ya Mama Orpa

Alizaliwa Orpa Nabintu mwaka 1951 huko Luvungi, katika bonde la Ruzizi, ambako malaria haikukosa nyumba ya kulala. Mama yake alimfundisha kuchemsha mubirizi, yale majani machungu ambayo watu wa kwetu hunywa homa inapowashika, na kumwomba Mungu kabla ya kuipua sufuria. Vita vilipomfukuza alivuka ziwa, na katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu alipata wito wake: kukaa kando ya mwenye homa mpaka apone au aende kwa Bwana. Wengi walikwenda kwa Bwana, naye hakuwahi kulificha hilo.

Mwaka 2014 alihamishiwa Houston, Marekani, mtaa wa Gulfton. Mche wa mubirizi alipewa na muumini wa mji wa Garland, akauotesha katika ndoo ya rangi kwenye baraza la ghorofani. Baada ya ibada watu walijazana mlangoni pake, na tuseme kweli, wengine walimwamini kuliko mchungaji.

Jaribu lake lilikuja mwaka 2019. Bibiche, mwimbaji wa kwaya, alikuwa amekwenda Uvira, kule kwetu tulikokimbia vita, kumzika mama yake. Aliporudi homa ilimshika, na mumewe Précieux akamwita Mama Orpa. Mgonjwa alikunywa majani, akatoka jasho, akaketi, na kwaya ikapiga vigelegele. Kesho yake akaanza kuweweseka. Mama Orpa aliitazama sufuria yake, kisha akasema, “Dawa yangu imeshindwa. Tumupeleke hospitali.”

Huko daktari aliuliza kama mgonjwa amesafiri, na kama ametumia dawa yoyote. Précieux alikana yote mawili. Walipokelewa Marekani kama wakimbizi, naye alikuwa amesikia kwamba anayerudi alikokimbia hunyang'anywa makaratasi. Basi daktari akadhani ni mafua makali. Mama Orpa hakujua Kiingereza, lakini kile kichwa cha Précieux kilichotikiswa alikielewa. Akamshika mkono Kagendo, muuguzi Mkenya.

“Mwanangu, uwaambie. Huyu ametoka Uvira. Majani nilimupa miye, na yameshindwa.”

“Mama, unatuua!” alimaka Précieux. “Papiers zetu!”

“Papiers zingine zitapatikana. Bibiche mwingine utamutoa wapi?”

Damu ikapimwa, vimelea vya malaria vikaonekana, dawa ikatiwa mshipani. Bibiche akapona, na makaratasi hakuna aliyeyauliza. Hata hivyo Précieux hakumsalimu mama yule kwa muda mrefu, na mlangoni pake watu wakapungua. Jambo hilo lilimuuma sana, akalia mbele zetu bila aibu.

Waumini husimulia kwamba baridi kali ya mwaka 2021 iliua miti yote ya Gulfton isipokuwa mubirizi wake. Kwa hilo mniwie radhi, niliuona mti ule: alikuwa ameuingiza bafuni. Muujiza ninaoushuhudia mimi ni kwamba mtu aliyesifiwa kwa dawa yake alisema hadharani kuwa imeshindwa, wakati kunyamaza kungemlindia jina.

Alilala katika Bwana Mei 2024. Précieux alibeba jeneza, akaomba msamaha kaburini. Ndoo ya mubirizi ilirithiwa na Bibiche, na anayetaka kumwiga Mama Orpa na amtazame yeye. Jirani mwenye homa akija kuomba majani, Bibiche hamnyimi. Humkaribisha kitini, humwombea, kisha humuuliza, “Ulitoka wapi, na damu ulipima?” Akijibiwa bado, huchukua ufunguo wa gari.